Daraja na Kadi: Maneno kwa Mnunuzi wa Mnadani

Mwezi wa Agosti mwaka 2022, katika mnada wa nyumba ya Heritage iliyoko Dallas, Marekani, kipande cha karatasi ngumu chenye upana usiofika inchi tatu na urefu usiofika inchi nne, kilichochorwa picha ya mchezaji wa besiboli aitwaye Mickey Mantle, kiliuzwa kwa dola milioni 12.6, bei ambayo hadi siku ile haikuwa imepata kutolewa hadharani kwa kumbukumbu yoyote ya michezo. Kadi hiyo ilipigwa chapa mwaka 1952 na kampuni ya Topps ya Brooklyn, wauzaji wa chingamu, na wala si nadra kwa idadi, maana nambari yake, 311, ilipangwa mara mbili katika kila karatasi kubwa ya uchapaji, ikatoka kwa wingi kuliko jirani zake. Kilicho nadra ni hali yake. Kampuni ya SGC, ambayo kazi yake ni kupima kadi, kuzipa daraja na kuzifungia ndani ya kasha la plastiki, iliipa 9.5 katika mizani ambayo mwisho wake ni 10. Na kadi nyingine ya nambari hiyo hiyo, yenye wino ule ule na picha ile ile, lakini iliyokunjika na kuchakaa hata ikapewa daraja la 1, hupatikana kwa makumi machache ya maelfu ya dola.

Baina ya makumi ya maelfu na milioni kumi na mbili umesimama muhuri wa kampuni. Ndiyo maana nasema, na nasema kwa yakini baada ya kuifuatilia biashara hii muda mrefu, kwamba anayenunua kadi ya kale iliyokwisha kupimwa hununua vitu viwili kwa bei moja: kadi yenyewe, na rai ya mtu asiyemjua juu ya kadi hiyo. Rai ina thamani yake, nami siidharau hata kidogo; ila wanunuzi wengi wa zama hizi huilipia rai kana kwamba ndiyo mali, kisha kadi wakaipokea kama nyongeza. Hasara nyingi za mnadani huzaliwa hapo.

Kabla ya kuja makasha haya, mambo yalikuwa na taabu ya namna nyingine. Kadi za kwanza zilizopendwa sana zilikuwa zile zilizotiwa katika pakiti za sigara ili kuimarisha pakiti na kumvuta mnunuzi, kisha zikafuata za peremende na za chingamu. Na aliyezipanga zikawa na nasaba inayojulikana ni Jefferson Burdick wa Syracuse, mtu aliyesumbuliwa sana na maradhi ya viungo, ambaye tangu mwaka 1939 alitoa orodha iliyozipa jamii za kadi herufi na nambari. Kwa orodha yake herufi T ni kadi za tumbaku za karne ya ishirini, na R ni za chingamu na peremende za miaka iliyofuata. Na hata leo, mtu akitaja T206 au R319 mnadani, anasema kwa ulimi wa Burdick. Mkusanyo wake, uliozidi vipande 300,000, aliupa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York, akakaa humo miaka akizibandika kadi kwa mikono yake mwenyewe katika majalada, akamaliza Januari 1963, na miezi miwili baadaye akafariki. Kubandika kadi kwa gundi ni jambo ambalo mpimaji wa leo angelihesabu kuwa jeraha kubwa. Lakini Burdick hakukusanya kwa ajili ya daraja, alikusanya kwa ajili ya maarifa.

Katika zama zake na miaka mingi baada yake, kila muuzaji alikuwa kadhi wa bidhaa yake mwenyewe. Aliyeuza aliita kadi yake safi kabisa, aliyenunua akapokea bahasha ya posta na kukuta pembe zimeviringika, wakabishana kwa barua. Wauzaji wa sarafu za kale waliupata ugonjwa huu kwanza, na dawa yao ilipatikana mwaka 1986 ilipoundwa kampuni ya PCGS, ambayo haikununua wala kuuza, ila ilipima, ikatoa nambari, ikaifunga sarafu ndani ya kasha lisilofunguka bila kuvunjwa. Mwaka 1991 watu wale wale wakaanzisha PSA kwa ajili ya kadi. SGC ikaja mwaka 1998, na mwaka uliofuata wachapishaji wa vitabu vya bei, Beckett, nao wakaingia. Faida iliyopatikana ilikuwa kubwa, maana mtu wa California aliweza sasa kununua kadi iliyoko Boston asiyopata kuishika, wala hakumjua mwenye kuiuza.

Inafaa mnunuzi ajue mpimaji hutazama nini. Hutazama mambo manne: jinsi picha ilivyokaa katikati ya kingo zake, pembe nne, makali ya pembeni, na uso wa mbele na wa nyuma. Kukaa katikati hupimwa kwa hesabu ya mafungu, hivi kwamba kadi ambayo upande mmoja una ukingo wa mafungu 60 na wa pili mafungu 40 yaweza bado kupata 9 ya PSA, ile ya 70 kwa 30 ikaishia 7, na ya 85 kwa 15 ikatua 5 hata kama pembe zake zinachoma kidole. Pembe ndizo huonwa kwanza na kila mtu. Makali na uso, hapo ndipo ustadi ulipo, kwa sababu mkunjo mwembamba kama unywele, usioonekana mpaka kadi ielekezwe mwangani kwa pembe fulani, huiangusha kadi ya 8 hadi 4 au 5, na picha ya orodha ya mnada, iliyopigwa kwa mwanga ulionyooka, haiuonyeshi kabisa.

Tena kila toleo lina udhaifu wake wa kuzaliwa, na asiyeujua udhaifu huo hawezi kujua kama bei ni ya haki. Topps ya mwaka 1971 ina kingo nyeusi tii, na rangi hiyo huambuka kwa kuguswa tu, ikaacha vidoa vyeupe pembeni. Kwa hiyo 8 ya toleo hilo ni kitu cha kustahiwa kuliko 8 ya matoleo mengi ya jirani zake yenye kingo nyeupe. Bowman ya mwaka 1955 ina kingo zilizochorwa kama mbao za sanduku la televisheni, na huko nako rangi hukwanguka upesi. Mantle wa 1952 kwa kawaida amekaa upande, hajakaa katikati, na ndiyo sababu mwenye jicho huweza kutoa kwa kadi ya 4 iliyokaa sawasawa bei aliyoikataa kwa ile ya 5 iliyosukumwa kando. Daraja moja lina watu wengi ndani yake, wa kimo mbalimbali, nao wote wamevaa nambari moja.

Sasa nije kwenye kadi ambayo kila mnunuzi apaswa kuijua habari yake kabla hajainua mkono mnadani.

Kampuni ya American Tobacco ilitoa baina ya mwaka 1909 na 1911 jamii ile iliyoitwa baadaye T206, kadi zaidi ya 500 za wachezaji, na miongoni mwao alikuwamo Honus Wagner wa Pittsburgh, mmoja wa mabingwa wakubwa wa zama zake. Kadi yake ilisimamishwa mapema. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema hakulipwa. Sababu yoyote iwayo, zilizojulikana kubaki ni chache, hamsini na kitu au sitini hivi. Moja kati ya hizo ilikuwa safi ajabu, nyeupe kingo, kali pembe, na watu walistaajabu kwamba karatasi iliyotoka katika pakiti ya sigara imekaa miaka zaidi ya sabini bila kuchubuka. Mwaka 1985 muuzaji mmoja aitwaye Bill Mastro aliinunua pamoja na kadi nyingine kwa dola 25,000. Akaiuza kwa 110,000 mwaka 1987. Na mwaka 1991, katika mnada wa Sotheby's mjini New York, mchezaji wa magongo ya barafuni Wayne Gretzky na mshirika wake Bruce McNall wakaichukua kwa dola 451,000. Mwaka huo huo PSA ilikuwa imefunguliwa, ikaipima kadi hii, ikaipa daraja la 8, na juu ya kasha lake ikaandika nambari ya shahada ya kwanza kabisa.

Hebu tutazame jinsi muhuri ulivyoibeba. Duka kubwa la Walmart liliinunua mwaka 1995 likaitoa zawadi katika bahati nasibu. Aliyeshinda akaipeleka mnadani kwa Christie's, ikauzwa 1996 kwa zaidi ya dola 640,000. Mwaka 2000 ikafika 1,265,000. Mwaka 2007 ikauzwa mara mbili, kwanza 2,350,000, halafu 2,800,000. Kila mnunuzi alimtegemea aliyemtangulia, na wote wakalitegemea kasha. Minong'ono ilikuwapo tangu zamani kwamba kadi hii imepunguzwa kingo. Kitabu kizima kikaandikwa mwaka 2007 kuhusu shaka hiyo. Mwaka 2013 Mastro, ambaye kwa muda huo alikuwa amekwisha kuwa mwendeshaji mashuhuri wa minada kisha akafikishwa mbele ya mahakama ya Chicago, alikiri kosa la udanganyifu, na katika kukiri kwake akasema kwamba yeye ndiye aliyekata kingo za kadi ile, naye akazificha habari hizo kwa wanunuzi. Mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20.

Kwa kanuni za kampuni zote za kupima, kadi iliyopunguzwa kingo haistahili nambari yoyote; hurudishwa, au huandikwa kuwa ni ya kweli lakini imeguswa. Kwa hiyo shahada ya kwanza ya kampuni kubwa kuliko zote, iliyofungua mlango wa biashara nzima, ilitolewa kwa kadi isiyostahili shahada. Silisemi hili ili kuwafanya wapimaji wote kuwa wahaini, maana mwaka ule kazi ilikuwa changa, na wao wenyewe tangu hapo wamekamata makumi ya maelfu ya kadi zilizoghushiwa ambazo zingepita mikononi mwa watu wasio na habari. Nalisema kwa sababu linaonyesha namna mpimaji anavyokosea: hukosea pale ambapo kila mtu anatamani asiwe amekosea.

Nayo tamaa ina hesabu yake. Tofauti ya bei kutoka 7 hadi 8 ya kadi mashuhuri yaweza kuwa mara mbili, na kutoka 8 hadi 9 mara tatu au zaidi, hali ya kuwa tofauti yenyewe ni nukta ya weupe katika pembe moja. Mahali ambapo nusu milimita ya karatasi ina thamani ya gari jipya, wembe hautakosa wa kuushika. Mwaka 2019 wakusanyaji wa Marekani walianza kulinganisha picha za kadi zilizouzwa katika minada ya zamani na picha za kadi zilizomo katika makasha mapya, wakakuta kadi zile zile, kwa alama zao za uchapaji ambazo haziwezi kufanana kwa bahati, zimerudi sokoni zikiwa na pembe kali zaidi, kingo nyembamba zaidi na daraja la juu zaidi. Wembe si chombo pekee: kuna wanaolainisha mikunjo kwa kuikandamiza, wanaotia rangi kingo zilizochubuka, wanaoondoa madoa ya nta, na wanaojenga upya pembe iliyokatika kwa nyuzi za karatasi nyingine ya umri ule ule.

Mnunuzi afanye nini mbele ya haya? Kwanza, aitafute kadi hiyo hiyo katika historia ya minada. Nyumba kubwa huhifadhi picha za mauzo ya miaka mingi iliyopita, na kadi ya kale ina alama za kuzaliwa: nukta ya wino mahali fulani, mstari wa uchapaji, jinsi ukingo wa kushoto unavyopungua kuelekea chini. Akiikuta mwaka 2006 ikiwa na daraja la 5, na leo ni 7, aulize ni muujiza gani uliopita katikati. Pili, aangalie jinsi kadi inavyokaa ndani ya kasha. Kadi ya T206 hukadiriwa inchi moja na saba katika sehemu kumi na sita kwa upana, na inchi mbili na tano katika sehemu nane kwa urefu, na ingawa mashine za zamani hazikukata zote sawa, iliyo fupi wazi wazi kuliko wenzake ndani ya kasha la namna moja ni ya kutiliwa shaka. Tatu, atazame makali: ukingo wa kadi ya kale una rangi ya uzee ile ile iliyoko usoni, tena una ukwaru kidogo wa kisu cha kiwandani, na ukingo mmoja ukiwa mweupe na laini huku mitatu ikiwa ya manjano, huo mmoja una habari ya kueleza. Picha za kuyaonyesha haya yote aombe atumiwe kwa ukubwa unaotosha, za mbele na nyuma, na moja iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni. Nyumba yenye heshima haikatai, na inayokataa imejibu.

Kasha nalo laweza kughushiwa. Kila kampuni kubwa ya kupima huweka daftari lake wazi, ambamo nambari ya shahada hutoa jina la kadi na daraja lake, na kwa nyingi za miaka ya karibuni hutoa na picha. Kulinganisha hakuchukui dakika mbili, na aghalabu kadi ya bandia hutiwa ndani ya kasha lililonakili nambari ya shahada ya kweli, hivi kwamba nambari peke yake bila picha haitoshi.

Mnunuzi wa karafuu wa Unguja husikia daraja lililotangazwa, kisha hutia mkono guniani, akainua konzi moja na kuinusa. Huyo ndiye mwalimu wetu, ijapokuwa mkono wetu unazuiwa na plastiki.

Tukija kwenye mnada wenyewe, jambo la kwanza ni kwamba bei iliyogongwa na nyundo siyo bei utakayolipa. Nyumba hutoza ada juu ya mnunuzi, na kwa kadi kiwango kinachoonekana mara nyingi ni asilimia 20 hivi. Zile dola milioni 12.6 za Mantle zilikuwa milioni 10.5 za dau na milioni 2.1 za ada. Hata mwaka 1991 zile 451,000 zilikuwa 410,000 pamoja na asilimia kumi. Mwenye kukusudia kutumia dola 6,000 na akatoa dau la 6,000 amekwisha kutumia 7,200, kabla ya kodi ya mauzo, bima na posta, na, kwa aliye nje ya Marekani, ushuru wa forodha wa nchi yake. Dau lake lilipaswa kuwa 5,000. Hesabu hii ni nyepesi, nami nimewaona watu wazima, wenye elimu ya hesabu, wakiisahau saa sita ya usiku.

Naam, saa sita ya usiku, maana minada mingi ya kadi siku hizi haina ukumbi wala dalali anayeonekana. Dau hutolewa kwa mtandao siku kadhaa, kisha usiku wa mwisho hufungwa kwa kanuni ya kuongeza muda, kwamba fungu halifungwi mpaka zipite dakika kadhaa, katika baadhi ya nyumba dakika thelathini, bila dau jipya. Kanuni hii ni ya haki kwa muuzaji, lakini humchosha mnunuzi, na mtu aliyechoka hutetea dau lake kama anavyotetea heshima yake. Kila hatua huonekana ndogo, asilimia kumi tu juu ya iliyopita. Hatua saba za asilimia kumi huikaribisha bei kwenye mara mbili ya ilipoanzia. Nashauri mtu aandike kima chake cha mwisho mchana, akiwa ameshiba na ametulia, akitie katika mtambo wa nyumba ya mnada kama dau la siri la juu, kisha alale. Akiipoteza kadi kwa hatua moja, basi kima chake kilikuwa kweli.

Lakini dau la siri lina hatari yake pale ambapo mwenye mnada si mwaminifu, kwa sababu yeye anaweza kuliona. Katika ungamo lile lile Mastro alikiri kwamba katika minada yake yalitolewa madau ya uongo ya kupandisha bei. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu hukiita kitendo hicho najshi, nacho kimekatazwa katika hadithi zilizo sahihi tangu karne ya kwanza ya Hijra, jambo linaloonyesha kwamba hila hii ni kongwe kuliko karatasi tunazozinunua. Dalili zake hazijifichi sana: kadi yenye shahada ile ile inauzwa, kisha baada ya miezi miwili inarudi mnadani kwa muuzaji yule yule, kwa sababu aliyeshinda hakuwa mnunuzi, au madau yanafutwa dakika za mwisho baada ya kufichua kima cha mwenzake. Masharti ya mnada, ambayo watu huyapita bila kuyasoma, husema pia kama nyumba au watumishi wake wana ruhusa ya kutoa dau, na kama kuna bei ya chini iliyofichwa. Yasomeni. Ni kurasa chache, na kila mstari umeandikwa na mwanasheria asiye wa upande wenu.

Juu ya bei niseme kwa ufupi. Kampuni za kupima hutangaza idadi ya kadi walizozipa kila daraja, na wanunuzi huisoma idadi hiyo kama sensa ya watu. Mathalan, kwa Mantle wa 1952, PSA imetoa 10 tatu tu, na 9 sita. Sensa hii ina kasoro mbili. Kadi iliyovunjwa kasha na kupelekwa tena kutafuta bahati ya daraja la juu huhesabiwa upya kila mara, lebo ya zamani isiporudishwa ifutwe, hivyo kadi moja yaweza kuwa ni tatu daftarini. Tena uchache wa daraja si uchache wa kadi. Kadi ya mchezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan iliyotolewa na kampuni ya Fleer mwaka 1986, yenye 10 ya PSA, iliuzwa kwa dola 738,000 Januari 2021, wakati zaidi ya mia tatu za daraja lilo hilo zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Na mwaka 2022 haujaisha ilikuwa ikipatikana chini ya dola 200,000. Hakuna kilichobadilika katika karatasi wala katika sifa za Jordan. Waliopigana juu yake Januari walikuwa wakinunua tarakimu, na tarakimu ile ilikuwa na ndugu mia tatu.

Kwa sababu hizo mimi huwaelekeza wakusanyaji kwenye madaraja ya katikati na ya chini ya kadi zilizo ngumu kupatikana zenyewe, si madaraja ya juu ya kadi zilizojaa. Kuanzia 1 hadi 5 ni wachache wanaopoteza muda wao na wembe, kwa kuwa faida ni ndogo. Kadi imevaa umri wake waziwazi. Na jicho la mnunuzi linapata nafasi ya kufanya kazi ambayo nambari haiwezi kuifanya. Mchezaji wa besiboli Babe Ruth, katika kadi za chingamu za Goudey, jamii ile ya R319 ya mwaka 1933, ametokea katika kadi nne za nambari 53, 144, 149 na 181, na miongoni mwa zilizopewa 1 mna zile ambazo uso wake ni wa kupendeza, rangi imejaa, picha imekaa katikati, wala hazina mkunjo, ila mtoto mmoja wa zamani alizibandika daftarini, na zilipobanduliwa karatasi ikabanduka nyuma. Kanuni humlazimisha mpimaji azishushe hadi chini kabisa. Mtu atakayeitazama kadi yake kwa mbele miaka ishirini ijayo hapungukiwi na kitu kwa jeraha la nyuma, na amelipa sehemu ndogo ya bei ya 4. Hizi ndizo kadi ambazo kwazo jicho lililofunzwa huzishinda fedha za wengine.

Lakini hata katika madaraja hayo ipo mitego. Kadi za kabla ya vita vya pili vya dunia zimenakiliwa sana, na nakala zikachakazwa kwa makusudi ili zionekane zimezeeka. Ndani ya kasha la kampuni inayojulikana hatari hiyo ni ndogo, lakini kuna makasha ya kampuni zisizojulikana na yeyote, yaliyotengenezwa ili kumvisha mgeni vazi la mwenyeji. Karatasi nyingi za kisasa zimetiwa dawa ya weupe ambayo hung'aa samawati chini ya taa ya urujuanimno, na za zama zile hazing'ai. Na maandishi ya jina chini ya picha ya T206 ya kweli ni wino uliojaa, hali ya kuwa katika nakala nyingi, ukitumia kioo cha kukuzia, utaona yamefanyizwa kwa vinukta. Kwa kadi isiyo na kasha la kuaminika, pasipo vipimo hivi viwili, msitoe dau.

Kifurushi kitakapofika, kifungueni siku ile ile mbele ya mwanga mzuri, mkiwa na picha za orodha ya mnada mkononi, mlinganishe alama moja baada ya moja, nambari ya shahada, pembe za kasha kama zimepasuka njiani, na maungio yake kama yamepata kufunguliwa. Nyumba nyingi hazipokei malalamiko juu ya daraja lenyewe, kwa hoja kwamba daraja ni rai ya kampuni nyingine, na zikipokea mengineyo huweka muda mfupi wa kuyapeleka. Kwa hiyo dai lolote liandikwe, lifuatane na picha, na lipelekwe kabla muda huo haujapita, kwa nyumba ya mnada ikiwa kadi siyo iliyoonyeshwa, na kwa kampuni ya kupima ikiwa ni kadi ile ile lakini imeguswa, maana kampuni kubwa zina dhamana yao iliyoandikwa, wala haimfikii asiyeiomba.